Funga ukurasa wa admin wa ruta yako leo, usisubiri mpaka neti ianze vituko

Jirani yetu mmoja, mama ana duka la vipodozi, alinifuata simu mkononi anasema mwanangu hii simu kila nikifungua tovuti inanirusha kwenye mambo ya kubeti, nimeipeleka kwa fundi wameiflashi na bado. Nikamuuliza, mama ukiwasha bando lako inakuwaje? Akasema kwenye bando haina shida kabisa. Hapo nikajua simu haina kosa, shida iko kwenye ruta ya dukani. Tukafungua ukurasa wa admin, yaani ule wa kubadilisha setingi za ruta, jina admin pasiwedi admin, tukaingia bila kuzuiwa na chochote, na kwenye DNS, sehemu inayoamua ukiandika jina la tovuti upelekwe anwani gani, tukakuta namba ambazo si yeye wala aliyemfungia neti anayezijua.

Sasa kitu kinachowaangusha wengi ni hiki, pasiwedi ya waifai na pasiwedi ya admin ni vitu viwili tofauti. Ya waifai inamruhusu mtu kutumia neti yako, ya admin inamruhusu kuamua neti ya nyumba nzima ipitie wapi. Watu wanabadilisha ya waifai kila wakigombana na jirani, ile ya admin iko vile vile ilivyotoka kiwandani.

Na usijipe moyo kwamba ruta iko sebuleni mtu wa nje hawezi kuigusa. Anaigusa kwa kutumia brauza yako mwenyewe. Unafungua tovuti ya kupakua muvi, ndani yake kuna kipande kimefichwa kinachoiambia brauza yako itume ombi kwenda 192.168.1.1 kubadilisha DNS, na kwa kuwa ombi linatoka ndani ya nyumba ruta inaona ni mwenye mji. Kama pasiwedi ni ya kiwandani, au ulilogini ukasahau kutoka, ruta nyingi za zamani zinakubali tu. Brazil waliumia vibaya sana, kati ya 2011 na 2012 modemu za DSL kama milioni 4.5 zilibadilishwa DNS kupitia udhaifu kwenye ukurasa wa admin, mtu anaandika anwani ya tovuti anayoiamini anapelekwa kwenye ya feki inayomwambia asakinishe programu, kumbe ndo ya kumwibia hela benki.

Haya tuanze. Kaa na kompyuta ukiweza, chomeka waya wa LAN, simu nayo inafaa ila utahangaika na vitufe vidogo. Anwani ya ruta imeandikwa kwenye stika chini yake, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1, ikikataa angalia kwenye simu yako setingi za waifai mahali palipoandikwa Gateway. Iandike kwenye brauza juu kabisa kwenye anwani, usiigugo.

Ukishaingia cha kwanza kabla hujagusa kitu ni DNS. Na angalia sehemu mbili, WAN au Internet (upande neti inapoingilia), halafu DHCP (inayogawa anwani kwa simu na kompyuta za ndani), maana wengi wanaangalia ya kwanza tu na namba mbaya imekaa kwenye ya pili. Ukikuta 8.8.8.8 au 1.1.1.1 hizo zinajulikana, ya kwanza ni Google ya pili ni Cloudflare. Ukikuta imeachwa ijichukulie yenyewe toka kwa kampuni ya neti pia sawa. Ukikuta namba usiyoijua wapigie kampuni yako uwaulize kama ni yao, wakisema hapana ujue umeshaingiliwa. Wakati bado hujajua pia usilazimishe kuingia brauza ikikupa onyo la cheti, yaani kwamba tovuti haijathibitishwa kuwa ndiyo yenyewe, hasa kwenye benki, ile onyo inakusaidia.

Umeingiliwa? Usirekebishe DNS tu ukaondoka, riseti ruta yote. Lakini subiri kwanza, andika kwenye karatasi jina na pasiwedi ya PPPoE kama ipo (ile ruta inayotumia kujiunga na kampuni ya neti) na namba ya VLAN (namba ya njia ambayo kampuni inapitishia neti yako), ukisahau hapa neti itakata na utakaa siku mbili unambembeleza fundi. Na kama pasiwedi ya PPPoE imefichwa kwa nukta nukta, ipate toka kwa kampuni kabla ya kuriseti. Kisha bonyeza kitundu cha Reset kwa pini kama sekunde 10 mpaka taa zizime na kuwaka upya.

Pasiwedi ya admin iweke ndefu, maneno manne matano ya kwako yasiyohusiana, iandike kwenye daftari la nyumbani haina ubaya, mwizi wa mtandaoni hafungui kabati lako. Isifanane na ya waifai maana ile unampa kila mgeni.

Halafu zima palipoandikwa Remote Management, hiyo ndo inauweka ukurasa wako wazi kwa dunia nzima. Zima WPS, njia ya kuunga kifaa kwenye waifai bila kuandika pasiwedi, ile PIN yake ya tarakimu 8 inakaguliwa kwa vipande viwili kwa hiyo anayebahatisha anahitaji majaribio 11,000 tu badala ya mamilioni, jambo hili limejulikana tangu 2011. Zima UPnP, inayoruhusu programu kujifungulia milango kwenye ruta, kama hakuna anayecheza gemu za mtandaoni. TR-069, njia ya kampuni kuisimamia ruta kwa mbali, ukiikuta kwenye kiboksi cha faiba ulichopewa na kampuni iache, wanaitumia kukuhudumia.

Kuhakikisha imefungwa, angalia IP ya WAN (namba ya anwani ya ruta yako kwa upande wa nje) kwenye ukurasa wa Status, zima waifai kwenye simu, washa data, iandike hiyo IP kwenye brauza. Ikifunguka sehemu ya kulogini basi bado iko wazi. Kama IP inaanza na 10 au ni kuanzia 100.64 hadi 100.127 haitafunguka hata iweje kwa sababu kampuni imekuweka nyuma ya IP moja na wateja wengine, hiyo inakukinga kiasi ila ile mbinu ya brauza bado inapita.

Sasa fimwea, yaani programu inayoiendesha ruta yenyewe, na hapa naomba msiruke. Kuna udhaifu ambao pasiwedi hata ingekuwa na herufi mia haisaidii kitu. TP-Link Archer AX21 ilikuwa na tundu, CVE-2023-1389 (CVE ni namba ya kutambulisha udhaifu unaojulikana), kwenye sehemu ya kuchagua nchi ndani ya ukurasa wa admin, mtu anapenyeza amri pale na ruta inaitekeleza bila kulogini kabisa. Apdeti ilitoka Machi 2023, Aprili tayari watu wa Mirai, programu hasidi ya kuteka vifaa, walikuwa wanaitumia kukusanya ruta za kushambulia wengine. Aliyeapdeti alipona, ambaye hakuapdeti pasiwedi yake haikumsaidia. Soma stika upate modeli pamoja na toleo, V1 na V3 hazitumii faili moja, pakua kwenye tovuti ya mtengenezaji pekee, na fanya wakati umeme umetulia maana ukikatika katikati ruta inaweza kufa. Kama apdeti ya mwisho ni ya miaka mingi nyuma na mtengenezaji ameshaitelekeza, ibadilishe, na usimuuzie mtu.

Wale mnaouza waifai mtaani kwa ruta za MikroTik, nyie mna wateja wengi nyuma yenu. CVE-2018-14847 iliruhusu mtu kusoma faili la watumiaji kupitia Winbox, programu ya kuiendesha MikroTik inayopitia bandari (mlango wa mtandao) 8291, bila pasiwedi yoyote. Ilizibwa Aprili 2018 na bado miezi michache baadae ruta zaidi ya 200,000 zikawa zinachimba sarafu za mtandaoni kwa siri. Kama yako ilikaa bila apdeti, ukiapdeti badilisha na pasiwedi pia kwa sababu aliyeisoma zamani bado anayo. Nenda IP kisha Services, zima telnet, ftp, www na api, ambazo ni njia nyingine za kuingia kwenye ruta, winbox iruhusu kwa IP ya kompyuta yako tu.

Ukimaliza yote bonyeza Logout, usifunge tabu tu, na usifungue tovuti nyingine kwenye brauza hiyo kabla hujatoka.