Somo: Kwizi ya darasa zima kwa simu moja tu, bure, hata kama wanafunzi wako ni 74

Walimu wenzangu habari za kazi. Kuna watu wameniuliza zaidi ya mara tatu ile kitu ya kadi nyeusi nyeusi, Plickers, naifanyaje, kila mara naelezea juu juu, leo nimekaa niiandike yote, chukua chai.

Nianze na shida yenyewe. Nafundisha fizikia kidato cha pili na cha tatu, mkondo mmoja una watoto 74 (mkondo wa darasa, wa umeme tutaufikia), kipindi dakika 40, ukitoa za kuingia na kutulia unabaki na 33 hivi. Ukiuliza "mmeelewa?" wote wanaitikia ndiyooo, unafuta ubao unaondoka zako, wiki mbili baadae unasahihisha jaribio unakuta nusu walikuwa wanakusindikiza tu. Sasa ukiingia mtandaoni kutafuta dawa, tovuti nyingi za bure za walimu zimetengenezwa na watu ambao darasani kwao kila mtoto ana tableti. Kahoot, ile ya kwizi za mtandaoni, ni nzuri sana sikatai, ila inataka wanafunzi wawe na kifaa cha kujibia, na sisi huku mwanafunzi akikutwa na simu shuleni ni kesi, mzazi anaitwa. Kwa hiyo nilivyokutana na Plickers, apu ya kwizi ya kadi za karatasi, nikasema hii ndo yetu: mwanafunzi anashika karatasi, simu ni ya mwalimu peke yake.

HATUA YA 1: Akaunti. Ingia plickers.com kwa kompyuta au brauza ya simu, jisajili kwa imeili yako. Kisha daunlodi apu yake, ipo ya Android na ya iPhone, ingia na akaunti ileile. Haina makuu.

HATUA YA 2: Darasa. Tengeneza darasa, ingiza majina. Kila jina linapewa namba, na hiyo namba ndo namba ya kadi yake. Usiweke majina matatu kama ya kwenye cheti, jina la kwanza na herufi moja ya ukoo inatosha, hizi ni taarifa za watoto wa watu na Tanzania tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2022.

HATUA YA 3: Kadi. Hapa wengi wanaharibu na mimi niliharibu. Kwenye tovuti kuna sehemu ya kadi, unadaunlodi PDF bure. Seti ya kawaida ni kadi 40, ipo na kubwa ya kadi 63 (wangu 74 kadi moja wanashika wawili, nimeeleza chini kwa wadau). Zinatoka mbili kwenye kila karatasi ya A4, kwa hiyo seti ya 40 ni kurasa 20 tu, peleka steshenari. Kila kadi ina mchoro wake, haufanani na mwingine, na kila upande wa mchoro kuna herufi ndogo A, B, C, D. Mwanafunzi anageuza kadi mpaka herufi ya jibu lake iwe juu. Basi.

Sasa kosa langu: nilijifanya nataka zidumu nikazilamineti zote kwa plastiki ile ya kung'aa, hela imetoka, siku ya kwanza darasani nimeinua simu, jua la dirishani linapiga kwenye plastiki, simu inasoma kadi tisa kati ya thelathini na kitu, watoto wananiangalia, mimi jasho. Usilamineti. Bandika kwenye manila kwa gundi, kata vizuri, acha ukingo mweupe kuzunguka mchoro. Zangu za manila zina miaka miwili zinasoma vizuri tu. Na nyuma ya kila kadi andika namba kubwa kwa maka peni ili kugawa kusikule muda.

HATUA YA 4: Maswali. Hii ndo hatua yenyewe, hizo zingine ni mambo ya simu tu. Akaunti ya bure inakupa maswali 5 kwa kila seti, na ukikomaa unaweza kutengeneza seti nyingi unavyotaka, ila mimi nakwambia matano kwa kipindi yanatosha na pengine ni mengi. Shida ya maswali yetu ya kuchagua ni kwamba tunaweka jibu moja sahihi halafu matatu ya kuchekesha, mtoto hata asiposoma anapatia. Jibu la mtego lazima liwe kosa ambalo watoto wanalifanya kweli, ili akilichagua ujue kichwani mwake kuna nini.

Utayapata wapi makosa ya kweli? Bure kabisa, nenda tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, necta.go.tz, kwenye machapisho tafuta zile ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, tunaziita CIRA. Zipo za kidato cha pili, cha nne, cha sita, na za msingi. Zinaenda swali kwa swali, asilimia ngapi walifanya vizuri, wapi walikwama, na wameskani kabisa mwandiko wa mtahiniwa aliyejibu vibaya na aliyejibu vizuri. Walimu wengi tunaenda pale kuangalia matokeo tu halafu tunafunga ukurasa! Mimi naisoma nikiwa na daftari, kila jibu bovu naliandika pembeni, hilo ndo linakuwa A au C yangu kesho.

Mfano ninaoutumia kila mwaka. Balbu mbili zinazofanana zimeungwa kwa mfululizo kwenye betri moja. Mkondo wa umeme kwenye balbu ya pili ukoje ukilinganisha na wa kwanza? A, mdogo kwa sababu mwingine umeshatumiwa na balbu ya kwanza. B, ni uleule. C, mkubwa zaidi. D, haufiki kabisa. Jibu ni B, lakini A inavuta watu kama sukari, maana nyumbani tunasema "umeme umeisha" na mtoto anajua luku (umeme wa kulipia kabla) inaisha, kwa nini mkondo usiishe.

HATUA YA 5: Darasani. Kama kuna projekta, fungua tovuti kwenye laptopu na uendeshe kwa simu. Kama hamna, na wengi hatuna, andika swali ubaoni kwa chaki. Ujanja ni huu, kwenye Plickers haulazimiki kuandika swali zima, andika tu "umeme 1", weka alama kwenye herufi sahihi, swali lenyewe lipo ubaoni. Wape dakika moja ya kufikiri KIMYA, halafu sema juu, wote wanainua kadi kwa pamoja. Unabonyeza kitufe cha kuskani, unapitisha kamera taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Sio picha unapiga, usiwe unabonyeza bonyeza, yenyewe inazisoma kadi na namba ya waliojibu inapanda. Wakumbushe vidole visifunike mchoro, na wa nyuma wainue juu ya vichwa vya wenzao. Darasa zima linaisha chini ya dakika.

HATUA YA 6: Sasa una grafu mkononi. Hapa mwalimu anajaribiwa kusema "jibu ni B, twende mbele." Subiri. Profesa Eric Mazur wa Harvard, naye ni wa fizikia, amekuwa akifundisha hivi tangu miaka ya 1990: waliopatia wakiwa kati ya asilimia 30 na 70 hivi usiseme jibu, waambie kila mtu amgeukie jirani mwenye jibu tofauti amshawishi, dakika mbili, kisha skani tena. Chini ya hapo rudi ufundishe upya, juu ya hapo fafanua kidogo usonge. Kelele zitakuwepo, mwalimu wa chumba cha pili atachungulia, mwache achungulie.

Na kwa swali la balbu mimi namalizia na PhET, zile simulesheni za Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, phet.colorado.edu, ni bure na zingine zimeshatafsiriwa Kiswahili. Ile inayoitwa Circuit Construction Kit: DC unaunga betri, nyaya, balbu mbili, unaweka amita (kipimo cha mkondo) kabla ya balbu ya kwanza, katikati, na baada ya ya pili. Namba ni moja kote. Aliyechagua A anaona kwa macho yake. Ninazo nilizodaunlodi kama faili kwenye laptopu, zinafunguka kwenye brauza bila intaneti. Apu yao ya simu inauzwa, ila tovuti haidai hata senti.

Ripoti ya nani kakosa nini inabaki kwenye akaunti, utaiangalia jioni ukitulia.

MASWALI YA WADAU

Madam_Hesabu: Asante sana ticha. Mimi darasa langu wapo 90, kadi zinaishia 63, nafanyaje?

Jibu: Madam gawa kadi moja kwa watu wawili, 45 tu unamaliza. Mimi na wangu 74 natumia hivyohivyo, kadi 37, seti ndogo inatosha. Tena wawili wakishare kadi lazima wabishane kabla ya kuinua, na kubishana ndo tunakotaka. Ubaya wake ni kwamba ripoti ni ya wawili sio ya mmoja, kwa hiyo usiitumie kuwapa maksi.

Kijana_wa_Chaki: Hawataigiliziana? Hawa wangu wanaigilizia hata jina.

Jibu: 😂 Kila kadi mchoro wake tofauti, na A ya kwako haikai kama A ya jirani, herufi zenyewe ndogo, akikuchungulia toka dawati la pili haoni kitu. Watajaribu wiki ya kwanza wakishindwa wataacha. Tena waambie mapema hakuna maksi, mtu haibi kitu kisicho na bei.

Mwl_Kijijini: Shuleni kwetu mtandao mpaka upande kwenye mwembe. Hii si inataka intaneti?

Jibu: Inataka ndio, ila kinachotumwa ni majibu sio picha, bando haliumii, hata mtandao mdogo unajitahidi. Kama ni sifuri kabisa, kila mtoto akunje karatasi ipate sehemu nne aandike A B C D kubwa, ainue upande wa jibu, wewe uhesabu kwa macho. Unakosa ripoti tu, yale ya hatua ya 4 na ya 6 yote unayapata. Na kama shule ina laptopu hata moja tafuta Kolibri ya Learning Equality, programu ya masomo ya bila mtandao, ni bure, unaiweka pamoja na masomo yake ukiwa mjini kwenye mtandao, ukirudi kijijini vifaa vingine vinajiunga na hiyo laptopu kwa waifai ya ndani, intaneti haihitajiki. Muonekano wake unaweza kuuweka Kiswahili.

Mwalimu_Nakuru: Mwalimu pongezi kutoka Kenya. Hizo ripoti za NECTA sisi wa huku zitatusaidia kweli na silabasi ni tofauti? Na kuna mwenzangu anatumia Quizizz, anasema ni afadhali.

Jibu: Karibu sana mwalimu. Silabasi ni tofauti ila mtoto anayedhani umeme unaisha kwenye balbu yupo Nakuru na yupo Tabora, chukua makosa acha mpangilio. Quizizz, nayo ni ya kwizi, siku hizi inaitwa Wayground, ilileta kadi za karatasi pia, mwenzako kama keshaizoea asihame. Kadi ni kadi, angalieni maswali.

Ticha_Msingi: Mimi ni wa darasa la nne, haya mambo ya sekondari yananihusu?

Jibu: Yanakuhusu dada. Swali unaandika kwa Kiswahili hamna shida. CIRA ya upimaji wa darasa la nne ipo palepale NECTA. Watoto wadogo waanzishe na swali la kujifunza kugeuza kadi, "nani anapenda embe", A ndiyo B hapana, siku nzima hiyo hiyo. Na kwa video tafuta katuni za Ubongo Kids, zimetengenezwa hapahapa Tanzania, hesabu na sayansi kwa Kiswahili cha watoto.

Fundi_Somo: Mkuu wetu hataki kuona simu ya mwalimu darasani, anasema tunachati.

Jibu: Wa kwangu alikuwa hivyohivyo. Nilimuomba aje akae nyuma dakika kumi, nikampa na yeye kadi. Alichagua A 😅. Sikusema kitu, nikaweka amita. Tangu siku hiyo hajaniuliza habari ya simu, na hela ya manila alitoa yeye.

Madam_Hesabu: Nimerudi. Nimeprinti leo, zote zinasoma kasoro namba 17 na 31, tatizo nini?

Jibu: Ziangalie kwenye mwanga. Aidha wino wa steshenari umefifia katikati, kolea kwa maka nyeusi bila kuvuka mstari, au wakati wa kukata mkasi umeingia kwenye weusi. Kama ni mkasi hamna jinsi, printi upya, kumbuka ukingo mweupe. Na usigawe 17 kabla hujaijaribu, utamkuta mtoto amejibu vizuri kipindi kizima na kwenye ripoti hayupo.