Fuata maji: namna ya kusoma picha ya zamani ya chemchemi ya bustani

Kazi yangu ni kutengeneza fremu hapa Moshi, na picha ninazopenda kuliko zote kuzitia kioo ni za chemchemi za Frascati, karibu na Roma, alizochora Giovanni Battista Falda kwenye mabamba ya shaba miaka ya 1670. Watu huanza kuzitazama katikati, penye sanamu kubwa. Wewe anzia juu, yanakoingilia maji.

Sisi wa mlimani hatuhitaji kufundishwa sana jambo hili. Mfongo, yaani mfereji wa asili wa maji wa Wachagga, una wenyewe: ukoo uliouchimba ndio hupanga zamu. Kadinali Pietro Aldobrandini naye alivuta maji kwa mfereji kutoka milimani hadi bustanini kwake Frascati, na mawe ya pale yanatangaza maji ni ya nani.

Juu ya ngazi za maji tafuta nguzo mbili ambazo maji huzizunguka yakishuka. Ni nguzo za Hercules, shujaa wa hadithi za Wagiriki, ambazo kwa watu wa kale zilikuwa mpaka wa dunia. Shuka na maji hadi kwenye ukuta wa nusu duara wenye mashubaka. Katika shubaka la kati, Atlas, jitu la hadithi hizo hizo, amebeba tufe la mbingu.

Hapo tulia. Wagiriki husimulia kwamba Hercules alimpokea Atlas mzigo ule kwa muda. Sasa, Papa Klementi wa Nane, aliyeongoza Kanisa kuanzia 1592 hadi 1605, alikuwa ndugu wa baba yake Pietro, na Pietro alikuwa msaidizi wake wa karibu. Atlas ni Papa. Hercules ni kadinali. Ukioanisha nguzo na tufe, bustani nzima inakusomea habari za ukoo mmoja. Nyota nazo, ukiziona, ni zao: nembo ya Aldobrandini ina sita. Kwenye chemchemi nyingine ukikuta nyuki, fikiria ukoo wa Barberini. Njiwa mwenye tawi la mzeituni, ukoo wa Pamphilj.

Watu waliochorwa mbele wasikudanganye. Wachoraji wa enzi ile walipenda kuwafanya wadogo ili jengo lionekane kubwa.

Mwisho soma maandishi ya chini, yenye jina la mchoraji na la mchapaji, kisha tazama karatasi kwa ubavu penye mwanga. Bamba la shaba huacha mbonyeo kuzunguka picha. Usimruhusu fundi yeyote akate ukingo huo ili picha iingie kwenye fremu. Fremu ndiyo itengenezwe upya.