Jinsi ya kujua kama wanaanga wa kwenye siriizi wako sawa kichwani

We usiangalie vita, angalia episodi inayofuata. Mtu kaponea chupuchupu jana, leo anapiga stori kama hakuna kitu? Hapo mwandishi kazingua. Star Trek: The Next Generation waliiweza hii mwaka 1990, Picard, kapteni wa chombo chao, katoka kutekwa na Borg, wale maadui nusu watu nusu mashine, basi akarudi kwao Ufaransa, akazichapa na kaka yake shambani kwenye mizabibu mpaka wakagaagaa kwenye tope, wakacheka, halafu jamaa akaangua kilio. Kapteni mzima!

Pia cheki kama kuna mshauri nasaha na kama wanamtumia kweli, maana Troi, mshauri wa chombo hichohicho cha Picard, alikaa kabisa pembeni ya kapteni ila mara nyingi wanamsahau tu. Mwisho angalia wakiwa nje ya zamu, nani halali, nani anakula peke yake.