Somo: Bolti za makava ya pikipiki ya spoti, orijino au mbadala, na namna ya kupima kabla ya kununua

Somo hili ni la pikipiki zenye makava kamili, yaani plastiki zinazofunika mwili wa pikipiki: Honda CBR, Yamaha R6 na R15, Suzuki GSX-R, Kawasaki Ninja, KTM RC na ndugu zao. Bolti zinazoshika makava peke yake huwa 30 hadi 60, nyingine zaidi. Ukiwa umenunua mtumba, ujue makava hayo yameshafunguliwa na mafundi kadhaa kabla yako, kwa hiyo bolti unayoikuta tunduni huenda si ile iliyotoka kiwandani. Usiinakili mpaka ujue kama ilistahili kuwa hapo.

Msimamo wetu tunauweka mapema. Bolti yenye bega (sehemu laini isiyo na meno chini ya kichwa), nunua orijino. Nati ya raba, nunua orijino. Bolti ya kawaida isiyo na bega, stenlesi ya mbadala yenye ubora inatosha kabisa. Alumini ya rangi rangi, achana nayo. Sababu zinafuata.

Hatua ya 1: Fungua kava moja moja na uchore ramani

Chukua kipande cha boksi, chora umbo la kava, toboa kitundu kila palipo na bolti, kisha chomeka kila bolti mahali pake pamoja na washa zake. Kushoto na kulia kila upande uwe na boksi lake, kwa kuwa urefu wa bolti mara nyingi hutofautiana. Kwa skrubu za nyota kwenye pikipiki za Japani tumia bisibisi ya JIS, yaani kiwango cha Japani. Bisibisi ya Phillips ya kawaida haikai mpaka chini, inaruka na kula kichwa.

Hatua ya 2: Pima

Tafuta vernia, kile kipimio chenye taya kinachosoma milimita. Bolti za makava karibu zote ni M5 au M6, namba ikiwa ni kipenyo cha meno kwa milimita. M5 ina nafasi ya meno ya mm 0.8, M6 ina mm 1.0. Vernia itakusomea kama 4.9 na 5.9 badala ya 5 na 6 kamili, na hilo ni sawa.

Usitambue bolti kwa namba ya aleni. Kichwa cha mviringo kama kitufe kinatumia aleni ya 3 kwa M5 na ya 4 kwa M6, lakini kichwa kirefu cha silinda kinatumia ya 4 kwa M5 na ya 5 kwa M6. Mtu anashika aleni ya 4, inaingia, anakwenda dukani kuomba M6 wakati tundu lake ni la M5.

Urefu unapimwa kutoka chini ya kichwa hadi ncha. Bolti ya kichwa cha kuzama ndiyo pekee inayopimwa pamoja na kichwa chake. Pima pia upana wa kichwa, kwa sababu kichwa chembamba kuliko kile cha awali kitakandamiza sehemu ndogo ya plastiki na kuipasua.

Sasa bega, na hapa ndipo makava mengi yanapoharibikia. Bega ni ile sehemu laini isiyo na meno chini ya kichwa, nene kuliko meno yenyewe. Kazi yake ni kugota kwenye nati au fremu kabla plastiki haijabanwa kupita kiasi. Tuseme kava lina unene wa mm 3 na raba yake inaongeza mm 2, jumla mm 5, na bega lina urefu wa mm 4.5. Ukikaza mpaka bega ligote, raba imebonyea nusu milimita tu. Kava limeshikwa, lakini bado linaweza kucheza kidogo injini inapotetemeka na plastiki inapotanuka kwa jua.

Weka bolti ya kawaida mahali hapo na hakuna kitu cha kuizuia. M5 kavu iliyokazwa kwa Nm 4 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) inabana kwa nguvu inayokaribia kilo 400. Raba inatoka pembeni, plastiki inabaki ikibeba mzigo wote, na baada ya muda unaona ufa mwembamba unaoanzia ukingoni mwa tundu. Wengi husema plastiki imezeeka, kumbe bolti haina bega. Kwa hiyo andika vipimo viwili vya bega: kipenyo na urefu. Bega refu kwa mm 1 litaacha kava likigonga, na bega fupi kwa mm 1 litalipasua.

Baadhi ya modeli hazina bega kwenye bolti. Badala yake zina bushi ndogo ya chuma ndani ya raba, inayofanya kazi ileile. Bushi hizo huanguka chini fundi anapofungua na hakuna anayezitafuta. Kagua kila raba kama bushi yake imo.

Hatua ya 3: Angalia bolti inaingia kwenye nini

Kuna nati ya klipu, kile kibati kilichokunjwa na kuvishwa ukingoni mwa kava. Kuna nati ya raba yenye kiini cha shaba ya njano, inayotumika zaidi kwenye kioo cha mbele. Kuna kiini cha chuma kilichopachikwa ndani ya plastiki. Na kuna tundu lenye meno kwenye fremu au stendi ya alumini inayobeba makava.

Hili la mwisho ndilo lenye gharama. Ukiharibu klipu, unanunua klipu. Ukiharibu meno ya fremu, umejiongezea kazi. Kwenye alumini meno yaliyoingia yasipungue mara moja na nusu ya kipenyo, yaani mm 9 kwa M6. Kwa vidole peke yake bolti izunguke mizunguko 8 au 9 kabla haijagota. Ikigota baada ya mizunguko 3, ni fupi hata kama inakaza.

Iliyozidi urefu nayo ina hatari. Nyuma ya makava ya pembeni kuna rejeta, feni yake na waya. Kabla ya kukaza bolti yoyote mpya karibu na rejeta, chungulia nyuma kwa tochi uone ncha inaishia wapi.

Hatua ya 4: Chagua

Orijino inatafutwa kwa namba ya chesisi na mchoro wa spea wa modeli yako. Kwa Honda, namba za bolti za kawaida zinabeba kipimo ndani yake: 95701-06020-00 ni bolti ya M6 yenye urefu wa mm 20. Hizo unaweza kuzibadilisha kwa mbadala wa kipimo kilekile bila wasiwasi. Namba zinazoanza na 90 ni za umbo maalumu, kipimo hakisomeki kwenye namba, na nyingi ndizo zenye bega.

Kwa mbadala, nyenzo ndiyo swali. Stenlesi ya daraja la A2-70 inatosha bara, na ya daraja la A4 inavumilia chumvi zaidi. Titaniamu, ile ya daraja la 5, ni nzuri na haishiki kutu, lakini tufanye hesabu: bolti 50 za chuma zenye gramu 5 kila moja ni gramu 250. Za titaniamu zitakuwa karibu gramu 140. Umeokoa gramu 110 kwa fedha ambayo ingenunua tairi. Tena sokoni kuna za uongo. Pitisha sumaku, ikinasa si titaniamu. Isiponasa, ipime kwenye mizani: titaniamu ni kama asilimia 56 ya uzito wa chuma cha kipimo kilekile, alumini ni kama theluthi moja.

Alumini ya rangi ina kichwa laini kinacholiwa na aleni mapema, shingo hukatika ukizidisha mkono kidogo, na rangi nyekundu juani inageuka ya waridi. Seti zinazouzwa kama za pikipiki zote nazo ziangalie vizuri. Nyingi zina M5 na M6 za urefu mmoja mmoja, hazina bega, na washa zake ni nyembamba.

Hatua ya 5: Funga

Safisha meno kwa brashi ya waya. Paka grisi kidogo, hasa stenlesi inapoingia kwenye stenlesi au alumini. Stenlesi kavu kwa stenlesi huumana ghafla, na ikishaumana haitoki bila kukatwa. Titaniamu ina tabia hiyohiyo.

Anza bolti zote za kava kwa vidole, mizunguko mitatu mitatu, kabla ya kukaza hata moja. Kisha kaza kutoka katikati kwenda pembeni. Kitabu cha warsha cha modeli yako ndicho chenye neno la mwisho. Ukikosa, M5 kwenye klipu ikae Nm 3 hadi 4, M6 inayoingia kwenye alumini isizidi Nm 10, na kioo cha mbele kiwe chini ya Nm 1. Ukishapaka grisi punguza kama robo. Usipokuwa na spana ya torki, chomeka mkono mrefu wa aleni tunduni na uzungushe mkono mfupi kwa vidole viwili. Kwa namna hiyo ni vigumu kuzidisha.

Baada ya km 100 zungukia zote tena.

Maswali ya wanachama

Mombasa: Bolti zangu zinashika kutu kila mwaka. Nikibadilisha zote ziwe stenlesi nitakuwa nimemaliza?

Kutu utaimaliza kwenye bolti, mkuu, lakini inaweza kuhamia kwingine. Chuma cha kiwandani kilichopakwa zinki kinaoza chenyewe na kuiacha fremu. Stenlesi na alumini vikikutana na maji ya chumvi, inayoliwa ni alumini, na utaona unga mweupe kuzunguka tundu. Tumia A4, paka grisi isiyo na shaba kwenye meno yote, na ufungue na kupaka upya angalau mara moja kwa mwaka. Klipu za chuma nazo zitashika kutu mapema zaidi, basi weka za akiba. Osha pikipiki kwa maji baridi ukitoka barabara ya ufukweni.

Arusha: Kava la pembeni linalegea kila wiki. Naweza kutia gundi ya bolti, ile ya bluu?

Usiitie. Gundi hiyo ikigusa plastiki ya ABS au polikaboneti inaipasua nyufa ndogo ndogo, na kioo cha mbele huharibika vibaya zaidi. Bolti inayolegea kila wiki ina sababu: klipu imetanuka, bushi haimo, au bega ni refu kuliko kava. Anza na klipu mpya. Ukitaka kinga zaidi, nunua bolti yenye kiraka cha nailoni kwenye meno.

Dodoma: Tundu la fremu limekula meno. Fundi anataka kulitoboa liwe M8.

Mwambie asubiri. Weka koili ya M6, ile Helicoil: unatoboa kwa biti ya mm 6.3, unakata meno kwa tapu inayokuja na seti, unaizungusha koili ndani. Utabaki na bolti ya kipimo cha kiwanda na meno ya chuma, imara kuliko yale ya awali. M8 haitapita kwenye raba wala kwenye tundu la kava.

Nakuru: Bolti ya kioo cha mbele inazunguka na nati yake ya raba, haitoki.

Vuta kioo taratibu kuja kwako ili raba ikamatwe na ukingo wa tundu, huku mwenzako anafungua. Ikishindikana, ishike raba kwa koleo jembamba kutoka nyuma. Usipulize mafuta ya kulainisha. Yanavimbisha raba na yanaweza kutia kioo nyufa.

Mwanza: Kichwa cha aleni kimeliwa chote, kimekuwa duara.

Kwa kichwa cha aleni ya 4, gonga biti ya toksi (nyota ya pembe sita) T25 kwa nyundo ndogo. Ikicheza, T27. Zungusha kwa mkono, si kwa mashine. Ikigoma, toboa kichwa kwa biti ya mm 5 kwa M5 au mm 6 kwa M6. Kichwa kitadondoka, kava litatoka, na shina lililobaki utalishika kwa vaisi-gripu. Endesha drili kwa kasi ndogo, kwa sababu joto la biti linayeyusha plastiki kabla hujagundua.

Minneapolis: Duka la karibu yangu halina M5, lina 10-32, na inaingia vizuri kwenye nati. Niitumie?

Hapana. 10-32 ni bolti ya kipimo cha inchi, ina kipenyo cha mm 4.83 na nafasi ya meno ya mm 0.79, ndiyo maana inadanganya. Inaingia, inashika kwa meno machache, kisha inalegea au inakula nati. Huko ulipo droo za bolti za milimita hupatikana kirahisi. Omba M5 × 0.8 kwa jina hilo.

Dar es Salaam: Nimenunua makava ya kopi baada ya ajali, tundu tatu hazilingani na fremu. Bolti ndefu zaidi itasaidia?

Bolti ndefu italivuta kava kwa nguvu na kulipasua safari za mwanzo. Ning'iniza makava yote bila kukaza, anza na yale ya juu karibu na taa, kisha ushuke chini, kwani kosa la juu ndilo linaloonekana chini. Tundu zitakazobaki nje kwa mm 1 au 2, zipanue kwa tupa ya duara kuelekea upande unaotakiwa na uweke washa pana ya nailoni. Zikizidi mm 3, kagua kwanza stendi ya mbele, ile inayobeba taa na kioo. Baada ya ajali mara nyingi imepinda.