Tundu la sikio la panya: kutoboa, kupima, na kukata gegedu bila kudanganyika

Mwaka 1998 maabara ya Ellen Heber-Katz huko Philadelphia ilionyesha kwamba panya wa aina ya MRL huziba tundu la milimita 2 sikioni kwa takriban mwezi mmoja, ilhali wale wa C57BL/6, aina ya kawaida ya maabara, hubaki nalo. Kwa hiyo C57BL/6 ndio wa kulinganisha nao. Kibali cha kamati ya maadili kitangulie.

1. Panya. Wiki 6–8, jinsia moja. Majike wa MRL huziba vizuri kuliko madume. Alama ya utambulisho iwe mkiani, si sikioni.

2. Kutoboa. Walaze kwa isoflureni, dawa ya usingizi ya kuvuta. Tumia kitoboleo cha biopsi cha milimita 2, katikati ya sikio, chini yake pawe na kipande cha plastiki. Koleo la kutobolea alama silipendi kabisa: linaponda ukingo, na tishu iliyopondwa hufa na kulipanua tundu siku za mwanzo. Kitoboleo kikianza kuhitaji nguvu, kitupe.

3. Kupima. Siku ya 0, 7, 14, 21 na 28. Piga picha chini ya hadubini ukiwa na rula ndani ya picha, bila kuvuta sikio. Pima vipenyo viwili vinavyokatana kwa pembe mraba. Eneo ni 3.14 × a × b ÷ 4.

4. Kuhifadhi. Sikio lililokatwa likae kwenye formalini ya asilimia 10 yenye bafa, saa 24.

5. Parafini. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Sikio likilala bapa kwenye kalibu ya kumiminia parafini, wembe wa mikrotomu (mashine ya kukata vipande vyembamba) hulipasua kwa mshazari, na gegedu la zamani huonekana pana kama jipya. Lazima lisimame. Kabla ya kulitia kwenye kaseti, yaani kikasha cha tishu, likate kwa wembe mpya kupitia katikati ya tundu, kutoka shinani hadi nchani, kisha upake wino upande wa nyuma. Uso uliokatwa utazame chini. Lishikilie sikio kwa kibano chenye joto hadi parafini ya chini igande, ndipo ujaze kalibu.

Usikwangue bloku ya parafini kwa pupa. Tundu ni duara: ukisogea milimita 0.8 kutoka katikati, pengo la milimita 2 linaonekana la 1.2, nawe utaandika kwamba gegedu limeota. Kata vipande vya mikroni 5, na uvihesabu tangu uso wa kwanza. Tundu lililoziba kabisa halionyeshi katikati yake, basi pima umbali wake kutoka nchani kwenye picha ya siku ya 0. Umbali huo hubadilika kidogo sikio likikua, kwa hiyo linganisha na sikio la pili lisilotobolewa.

6. Rangi. Alsiani ya buluu, inayopaka gegedu, pH 2.5, dakika 30, kisha nyekundu ya kiini, inayopaka viini vya seli, dakika 5. Seli za gegedu la sikio la panya zimejaa mafuta, na zailini, kiyeyusho cha kutolea parafini, huyayeyusha. Zitaonekana kama vyumba vitupu vilivyopangana. Usizihesabu kama tishu ya mafuta: tazama kuta zake, zikiwa buluu ni gegedu.