Kuhamia Svalbard: mlango uko wazi, njia ndiyo yenye bawabu
Svalbard, visiwa vya Norwe vilivyo karibu na Ncha ya Kaskazini, havimdai mgeni viza wala kibali cha kazi. Msingi wake ni mkataba uliotiwa saini Paris tarehe 9 Februari 1920: Norwe ilipewa mamlaka, kwa sharti kwamba raia wa nchi zilizosaini wachimbe, wavue na wafanye biashara kwa haki sawa. Kwa suala la kuishi, Norwe haibagui aliyesaini na asiyesaini.

Hata hivyo, anza na viza. Ndege za ratiba hupitia Oslo au Tromsø, miji ya Norwe bara iliyo ndani ya Schengen (eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja), na Svalbard iko nje yake. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania aombe viza ya Schengen ya kuingia mara mbili: kwenda na kurudi. Ile ya mara moja huwa imekwisha kazi ukishapanda ndege ya Longyearbyen, mji mkuu wa visiwa hivi. Wengine huiacha viza iishe muda wakiwa hukohuko, kisha hawana pa kutokea. Ukishakuwa mkazi, omba nyingine mapema kupitia ofisi ya gavana, anayeitwa Sysselmester.

Usikate tiketi kabla ya kupata kazi yenye nyumba, tena kwa maandishi. Longyearbyen ina watu 2,500 hivi, na nyumba nyingi ni za waajiri. Maporomoko ya theluji ya Desemba 2015 yaliua watu wawili, na baadaye nyumba kadhaa zilizokuwa hatarini zikabomolewa. Kwa kuwa nyumba ni ya mwajiri, anayeachishwa kazi mara nyingi hupoteza na kitanda. Soma mkataba wako: mshahara, kodi ya pango, na siku unazopewa kuhama ajira ikikoma. Kazi zipo hotelini, jikoni, kwenye usafi, ujenzi na kuongoza watalii. Makaa ya mawe yasahau: Mgodi namba 7, wa mwisho wa Norwe, ulifungwa 2025. Warusi bado wanachimba Barentsburg, kijiji chao huko Svalbard, ila hapo siasa ina uzito kuliko makaa.

Kodi ya mapato ni 8% kwa mishahara ya kawaida, ukiongeza mchango wa bima ya jamii, na VAT haipo. Usifurahi haraka, kwani karibu kila kitu dukani kimeletwa kwa meli au ndege. Ruzuku kwa asiye na kazi hakuna, na asiyejimudu anaweza kuondolewa visiwani. Weka kando nauli ya kurudi hadi nyumbani na pango la miezi mitatu, usiziguse. Hospitali ni ndogo: wagonjwa mahututi husafirishwa Tromsø, na wajawazito huenda Norwe bara wiki chache kabla ya kujifungua. Ukikusudia kukaa zaidi ya miezi 6, jiandikishe kwenye daftari la wakazi katika ofisi ya kodi.

Nje ya mji lazima uwe na kifaa cha kumfukuza dubu mweupe, kwa mfano bastola ya fataki. Bunduki inashauriwa, na kuikodi kunahitaji idhini ya Sysselmester. Ndani ya mji usiibebe ikiwa na risasi. Tangu 2025 ni marufuku kumkaribia dubu chini ya mita 300, na mita 500 kuanzia Machi 1 hadi Juni 30. Jua halichomozi kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari, na milima huificha Longyearbyen hadi karibu Machi 8.

Miaka ya Svalbard haihesabiki unapoomba ukaazi au uraia wa Norwe. Tangu 2022 mgeni hapigi kura ya baraza la mji mpaka awe ameishi Norwe bara miaka 3. Norwe inataka mji ubaki wa Kinorwe, maana Warusi wako Barentsburg na Wachina wana kituo cha utafiti Ny-Ålesund. Kwa hiyo mwenye nia ya uraia atafute kibali cha bara tangu mwanzo. Svalbard ni ya kufanya kazi na kuweka akiba.