Jinsi ya kufungua faili la mbunge wako kabla ya Agosti 2027

Anayesema "wanasiasa wote ni walewale" mara nyingi hana faili. Ana kumbukumbu za mikutano ya hadhara, klipu za TikTok na picha zilizozunguka kwenye kikundi cha WhatsApp, na karibu vyote hivyo vimetoka kwa mbunge mwenyewe au kwa anayekitaka kiti chake. Faili hujengwa kwa karatasi zilizoandikwa na watu wasiohitaji kura yako. Utahitaji simu yenye bando ya kupakua PDF kubwa, daftari, na jioni mbili hivi. Mfano wetu ni mbunge wa eneo bunge nchini Kenya, ambako uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne, 10 Agosti 2027.

Hatua ya 1: Gawanya madai

Andika malalamiko yako yote, kisha kando ya kila moja andika ofisi inayohusika. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 ndilo linalogawa kazi. Zahanati isiyo na dawa, barabara ya kaunti, soko na shule ya chekechea ni kazi za serikali ya kaunti, kwa hivyo anayedaiwa ni gavana, na anayepaswa kumbana ni mwakilishi wadi. Mbunge unamdai sheria alizopitisha, bajeti aliyoidhinisha na uangalizi wake wa serikali kuu. Hazina ya NG-CDF, yaani fedha za serikali kuu za maendeleo ya maeneo bunge, nayo imekuwa ikilipia madarasa ya shule za msingi na sekondari, basari na vituo vya polisi.

Usiruke hatua hii. Hasira nyingi hupotea kwa sababu mtu amemvika mbunge kofia ya gavana, na mbunge anafurahia hivyo hivyo, maana anaweza kuzindua zahanati ambayo hakuijenga.

Hatua ya 2: Soma Hansadi, hasa kura

Nenda parliament.go.ke, upande wa Bunge la Taifa, utafute sehemu ya Hansard, yaani Hansadi, kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge. Kila kikao kina PDF yake. Ukiifungua, tafuta jina la ukoo peke yake, bila "Hon." mbele. Sababu ni kwamba cheo kinaweza kuandikwa kwa namna nyingine, kama "Mhe." katika Kiswahili, na ukitafuta "Hon." unaweza kukosa baadhi ya yaliyoandikwa. Jaribu pia tahajia mbili tatu za jina.

Hoja nyingi bungeni huamuliwa kwa kura ya sauti. Hapo Hansadi huandika tu kwamba hoja imekubaliwa, na hakuna jina hata moja. Kwa hivyo mtu akikuonyesha "orodha ya waliounga mkono", uliza kwanza: je, kulikuwa na kura ya majina siku hiyo? Kama haikuwepo, orodha hiyo imetungwa.

Ilipokuwepo, angalia ni kura ya hatua gani. Mswada wa Fedha wa 2024 ni mfano mzuri. Tarehe 20 Juni 2024, uliposomwa mara ya pili, kura zilikuwa 204 za ndiyo na 115 za la. Tarehe 25 Juni, uliposomwa mara ya tatu, zilikuwa 195 kwa 106. Hizo ni kura mbili tofauti, na mbunge aliweza kuwemo katika moja na kukosekana katika nyingine. Orodha isiyosema ni ya tarehe ipi haifai kuingia kwenye faili. Jina lisiloonekana popote si "la": huenda mtu hakuwepo ukumbini, au ndiye aliyekuwa kwenye kiti cha Spika, na anayeongoza kikao hapigi kura.

Mzalendo, shirika linalofuatilia kazi za Bunge, huchapisha alama za wabunge na hukuokolea muda, lakini zisome kwa tahadhari. Alama za kuzungumza katika kikao kikuu hazikwambii mtu alisema nini, na mbunge anayefanya kazi nzito kwenye kamati anaweza kuonekana bubu.

Hatua ya 3: Ripoti ya Mkaguzi Mkuu

Kwenye oagkenya.go.ke tafuta ripoti za NG-CDF, kisha jina la eneo bunge lako. Pakua za miaka mitatu mfululizo. Ripoti ni za Kiingereza, kwa hivyo shika maneno manne. "Unqualified" ni hati safi. "Qualified" ni hati yenye shaka. "Adverse" ni hati mbaya. "Disclaimer" maana yake mkaguzi hakupata karatasi za kumwezesha hata kutoa maoni.

Kosa la kawaida ni kuishia hapo. Hati safi husema hesabu zimeandikwa sawasawa. Haisemi darasa limejengwa. Shuka hadi sehemu inayohusu uhalali na ufanisi wa matumizi ya fedha za umma. Huko ndiko utakuta mradi uliolipiwa lakini hautumiki, au basari zisizo na barua za shule kuthibitisha zilipokelewa. Andika jina la mradi, kiasi na ukurasa, kisha nenda ukautazame kwa macho.

Ukikuta fedha hazikutumika, usimrukie mbunge. Angalia kama Hazina Kuu ilizituma kwa wakati. Pesa zikifika Juni, hakuna darasa litakalojengwa kabla ya mwaka wa fedha kufungwa tarehe 30 ya mwezi huo huo.

Katiba humpa mkaguzi miezi sita baada ya hapo. Maana yake ripoti ya 2026/27 itatakiwa mwisho wa Desemba 2027, wakati umeshapiga kura. Mwaka wa mwisho wa muhula, ambao ndio wa kutapanya, hutauona kamwe kabla ya debe. Ya mwisho utakayoweza kuitegemea ni ya 2025/26.

Hatua ya 4: Pima vyombo vya habari kwa jambo unalolijua

Usiulize watu "gazeti gani ni la kuaminika?" Utapewa jina la gazeti linalokubaliana na kabila au chama cha unayemuuliza. Chukua kura ile ya 25 Juni 2024, ambayo sasa umeisoma kwenye Hansadi, utafute habari za siku hiyo katika vyombo vitatu, kimoja kiwe cha Kiswahili kama Taifa Leo. Tazama: je, idadi ni sahihi? Wametofautisha hatua za mswada? Walipokosea walisahihisha hadharani au walifuta kimyakimya? Chombo kilichofaulu hapo kipe nafasi kwenye mambo usiyoweza kuyakagua.

Ukurasa wa mbele wa gazeti uliotumwa kama picha usiuamini mpaka uukute kwenye akaunti ya gazeti lenyewe, tarehe hiyo hiyo. Kughushi kurasa hizo ni kazi ya dakika kumi. Kwa picha za mikutano, pitisha Google Lens; umati wa miaka mitano iliyopita hurudi kila msimu. PesaCheck na Africa Check, mashirika ya kukagua ukweli wa madai, huenda yameshalishughulikia dai lako.

Mpinzani wa mbunge ni baniani mbaya, kiatu chake dawa: akitaja ukurasa wa ripoti, nenda ukausome.

Hatua ya 5: Kilichokosekana, kiombe kwa barua

Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinakuruhusu kuomba habari kutoka ofisi ya umma, hata kwa Kiswahili. Omba karatasi, usiombe maelezo: "Naomba nakala ya orodha ya miradi iliyoidhinishwa mwaka wa fedha 2024/25 pamoja na kiasi kilicholipwa kwa kila mmoja." Ukiuliza "pesa zilienda wapi?", utajibiwa hotuba. Kutuma ombi ni bure, ingawa unaweza kutozwa gharama ya kunakili.

Ofisi ina siku 21, na inaweza kujiongezea 14 mara moja tu. Kimya huhesabiwa kuwa umekataliwa. Hapo peleka lalamiko Ofisi ya Ombudsman, inayosikiliza malalamiko dhidi ya ofisi za umma, ndani ya siku 30. Barua ichapishe nakala mbili, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri huo, siku 21 hazina pa kuanzia.